Bendi ikibadili mtindo, shabiki ana haki ya kununa?

Wadau wa safu ya maswali na majibu ya muziki, hamjambo. Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari minne mitano, kwamba Linkin Park, ile bendi ya roki ya Marekani, wamerudi na mwimbaji mpya na muziki wao umehama tena, basi simu ya safu haijalala. Na meseji nyingi zimetoka huku huku kaskazini, Moshi na Arusha, kumbe mpo wengi mnaosikiliza roki ila mmenyamaza. Nimechukua maswali matatu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana limenikaa moyoni wiki nzima na sikutaka kulijibu juu juu.

SWALI

Shikamoo kaka. Mi ni fundi simu hapa Moshi, naishi Pasua. Tulikuwa marafiki watano shule moja ya bweni huku huku Kilimanjaro, mmoja wetu akarudi likizo na CD ya kuchoma imeandikwa METEORA kwa maka peni, ile albamu ya Linkin Park, tukaipiga usiku kwa sauti ya chini kwenye kiredio cha mwenzetu mpaka ikachubuka, ikifika Numb, wimbo wa mwisho, inaruka palepale kila siku, na mpaka leo nikiusikia ule wimbo mzima naona kama kuna kipande kimezidi. Ndo udugu wetu ulipoanzia.

Sasa kaka mwaka 2017 mwezi wa tano wakatoa One More Light. Niliifungulia hapa kibandani kwenye spika nikangoja gitaa linguruma, hola, Chester mwimbaji wao apige ukelele, hola, nyimbo laini laini kama za kupigia redioni asubuhi. Nikaingia kwenye ukurasa wao nikaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa na yeye nikamtaja kwa jina. Wamejiuza ndo neno la kistaarabu kuliko yote nliyoandika. Tarehe 21 mwezi wa saba nafungua simu asubuhi nakuta kafariki, kajitoa uhai. Toka siku ile albamu ile sijaigusa.

Afu wamerudi na From Zero, anaimba dada, grupu letu la whatsapp limepasuka, wawili wanasema bendi ilizikwa 2017, mmoja anasema ni moto wa kuotea mbali, wa nne katoka kwenye grupu kabisa, na mi nikitia neno naambiwa we nyamaza tunakumbuka ulichoandika. Naomba unijibu mawili. Shabiki ana haki ya kukasirika bendi ikibadilika? Rafiki yangu anasema ukipenda boga penda na ua lake. Na la pili, mimi kosa langu ni kubwa kiasi gani?

Fundi simu, Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la pili kwa sababu naona ndo linalokunyima usingizi.

Hapana, hukumuua wewe. Chester Bennington miaka yote alikuwa anaeleza hadharani aliyopitia, kudhalilishwa akiwa mtoto, pombe, madawa, sonona, na hayo hayo ndo aliyokuwa anayaimba toka albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory ya mwaka 2000, hayakuanza na komenti za mwezi wa tano. Na mwezi ule ule alikuwa na msiba. Rafiki yake Chris Cornell, yule mwimbaji wa bendi za Soundgarden na Audioslave, alifariki tarehe 18 Mei 2017, kesho yake tarehe 19 One More Light ikaingia sokoni, na kabla mwezi haujaisha Chester akawa amesimama anaimba kwenye mazishi ya mwenzake. Tarehe 20 Julai aliyoondoka yeye ndo siku ya kuzaliwa ya Cornell. Mtu aliyekuwa amebeba mzigo wa namna ile, mdogo wangu, usijipe wewe kazi ya kuwa ndo uliyemwangusha.

Ila ulichoandika kilikuwa kibaya na wewe unajua, ndo maana umeniandikia. Chester mwenyewe alikuwa anawasikia waliosema wamebadilika kwa ajili ya hela na alishawajibu kwa ukali kwenye mahojiano yale ya mwaka ule, kwa iyo yale maneno yalikuwa yanafika, hayaishii hewani. Kama komenti yako bado ipo ifute leo. Halafu fanya kitu kigumu zaidi, isikilize ile albamu, tena anza na wimbo wenye jina la albamu. Ule ni wimbo wa msiba, waliuandika baada ya kufiwa na rafiki yao wa kazini, na habari za Cornell zilipowafikia waliupiga kwenye televisheni kwa ajili yake. Ulikuwa unatafuta ukelele, na kwenye matanga hakuna anayepiga ukelele siku ya tatu, watu wanaongea taratibu, mtu anakaa kwenye mkeka anashika mkono wa mwenzake basi. Ndo sauti ya wimbo ule. Sisemi utaipenda albamu nzima, mimi mwenyewe kuna nyimbo tatu nne pale narusha, ila utasikia watu waliokuwa wanasema kweli.

Na kama uzito huu unakuzidi, umeubeba muda mrefu, usikae nao peke yako kibandani. Mtafute hata yule aliyetoka kwenye grupu, mkae mle ndizi mahali, mwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi.

Sasa la kwanza. Haki ya kukasirika unayo. Na ile methali ya boga na ua, mi naiheshimu ila hapa haikai. Ile ni ya ndoa, umempenda mtu basi wapende na mama yake na wadogo zake wanaokuja kukaa kwako. Bendi hujaioa. Albamu unainunua kwa hela yako au bando lako, unatumia saa nzima ya maisha yako kuisikiliza, ukiona haijakuingia una haki ya kusema haijakuingia. Na si muziki tu uliokuuma pale, ni ile CD iliyochubuka, ni bweni, ni wenzako wanne, ni miaka ile. Bendi ikihama unaona kama wamekuhamishia na kwenu. Mi siyaiti hayo utoto.

Ninachokataa ni kutoka kwenye "sijaipenda" mpaka "wametusaliti". Yale ni maneno mawili mbali kabisa. La kwanza linakuhusu wewe na masikio yako. La pili ni kama umeingia moyoni mwa mtu ukasoma nia yake, na hujaingia.

Chukua hili la hela. Hybrid Theory ilithibitishwa huko Marekani kupita milioni 10, ni moja ya albamu zilizouza sana karne hii. Meteora ya 2003 ilitoka kwa prodyuza yule yule Don Gilmore na karibu mapishi yale yale, Mike Shinoda anachana ubeti, Chester anaingia na kiitikio, magitaa mazito, Joe Hahn anakwaruza sahani, ikauza tena mamilioni. Sasa nenda sokoni Kiboriloni kwenye mitumba umuulize mfanyabiashara yeyote, mtu kafungua belo la majaketi limeisha kabla ya saa nne asubuhi, kesho atafungua belo la mapazia? Anayetaka hela tu anarudia belo lililouza. Hawa wenzetu mwaka 2007 kwenye Minutes to Midnight wakamwita prodyuza Rick Rubin wakapunguza kuchana, na mwaka 2010 wakatoa A Thousand Suns ambayo ina sauti ya Oppenheimer, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, na ya Martin Luther King ndani yake, habari za mabomu ya nyuklia, nyimbo zinaingiliana bila kupumzika, magitaa yamekaa nyuma kabisa. Ile si albamu ya mtu anayetafuta hela ya haraka. Na watu walinuna 2010 kama ulivyonuna 2017, na siku hizi wengi wao ndo wanaisifia.

Haki ya mtu apewe, kwenye One More Light wasiwasi wako haukutoka hewani. Heavy, ule wimbo walioutanguliza, waliimba na mwimbaji Kiiara na waliuandika pamoja na Julia Michaels na Justin Tranter, watu wa kutunga pop. Na walieleza wenyewe kwamba safari ile walianza na maneno na melodi, muziki ukafuata, wakati zamani walikuwa wanaanza na muziki. Hapo ndo utaelewa kilichotokea kwenye spika yako. Wimbo ukianzia kwenye gitaa, sauti ya mtu inatafuta pa kupenya, inabidi apige ukelele ili asikike. Ukianzia kwenye maneno, gitaa ndo linatafuta pa kukaa, na mara nyingi linakaa pembeni. Ni kama kupika ukianza na nyama au ukianza na ndizi, sufuria ni ile ile ila utakachopakua si kile kile.

Huyo Rick Rubin nataka nimkalie kidogo. Mwaka 2007 ndo alikuwa na Linkin Park wakati wanaacha sauti ya zamani, na mwaka 2008 yuko na Metallica kwenye Death Magnetic, albamu ambayo mashabiki wa Metallica waliipokea kama mtoto aliyepotea karudi nyumbani kwa sababu magitaa ya kasi na solo zilirudi. Prodyuza ni yule yule, bendi moja inatoka kwao nyingine inarudi kwao. Kwa iyo ukisikia sauti imebadilika usikimbilie kusema wamepangiwa na kampuni, uliza kwanza nani alikaa kwenye kile kiti na yeye aliwauliza nini.

Na hapa kwenye Metallica nina la kwangu. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili hapa Arusha, nina fulana nyeusi ya Metallica niliyoitoa Kiboriloni siku nilipokwenda Moshi kwa shangazi, kwenye rundo la bei ya chini, imepauka mabegani na kola imelegea, ila M ya mwanzo na A ya mwisho zilikuwa bado na zile ncha zake kama mikuki. Nilikuwa naifua mwenyewe usiku na kuianika ndani isichukuliwe. Binamu yangu aliyekuwa anasoma Nairobi akaleta kanda ya Load. Kava tu lilinimaliza, wamenyoa nywele wote wanne, na hata zile ncha za herufi wamezinyoa, jina limekaa bapa kama la kiwanda cha sabuni. Nikasikiliza upande mmoja, upande wa pili sikuumaliza. Nikaivua fulana nikaikata vipande viwili, ikawa tambara la kufutia baiskeli ya baba. Naliona mpaka leo, limelowa grisi, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, ile M imebaki nusu.

Mama yangu alifariki miaka mingi baada ya hapo. Siku moja nimekaa tu nikasikia Until It Sleeps, iko kwenye Load hiyo hiyo, nikaulizia nikaambiwa mwimbaji wao James Hetfield pale anaongelea saratani iliyomchukua mama yake yeye akiwa kijana wa sekondari. Nilikaa pale pale mpaka ukaisha nikaurudisha. Ule wimbo ulikuwa kwenye kanda niliyoitupa nikiwa na miaka 16, mimi ndo nilikuwa sijafika. Kwa kasi ile ya Metallica ya mwaka 1984 sidhani kama angeweza kuyasema yale.

Na kuna mabadiliko mengine ni mabaya tu, tusidanganyane. St. Anger ya mwaka 2003 nimeipa nafasi miaka yote hii, ile ngoma ya snea imeachwa bila nyuzi zake inalia kama ndoo ya bati, hakuna solo hata moja, nyimbo ndefu, na mpaka leo sijaipenda. Nasema sijaipenda. Sisemi Metallica walinisaliti, walikuwa bendi iliyokuwa inavunjika, wanagombana studio, mmoja katoka kwenda kutibiwa ulevi, na wakarekodi hivyo hivyo walivyokuwa.

Kwa grupu lenu sasa. From Zero imetoka Novemba 2024, anaimba Emily Armstrong aliyetokea bendi ya Dead Sara, na jina lenyewe linagusa Xero, jina la bendi kabla hawajaitwa Linkin Park. Hao wawili wanaosema bendi ilizikwa, waache wazike, msiba hauna ratiba. Huyo anayesema ni moto naye mwacheni aote. Ila jambo moja mlione wote watano, 2017 bendi ililaumiwa imelainika, 2024 magitaa yamerudi na ukelele umerudi, kuna wanaolalamika wanarudia ya zamani. Yule dada kaingia kwenye nyumba yenye msiba akakuta watu wamenuna kabla hajafungua kinywa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mi nikimsikia kwenye The Emptiness Machine anavyopokea kiitikio kutoka kwa Shinoda, nasikia wenyeji wameanza kupona. Hiyo ni yangu mimi. Wewe sikiliza ya kwako, tena mara tatu siku tatu tofauti, usiku mmoja kati ya hizo, ndo uandike kwenye grupu.

SWALI

Kaka mkubwa vipi, hapa maskani Ngarenaro kuna ubishi umefika hatua ya kuwekeana soda. Chalii mmoja anasema bendi ya Queen walikuwa wanaandika kabisa kwenye kava kwamba hawatumii sinthesaiza, kile kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti, afu baadae wakatumia, na mashabiki wakawazira. Mwingine anasema ni uzushi wa mtandaoni. Soda ni za nani?

Wana wa Ngarenaro, Arusha

JIBU

Soda ni za wa kwanza, apewe tena za baridi. Albamu zao kadhaa za miaka ya 1970 ziliandikwa hivyo kweli, na sababu ni nzuri. Mpiga gitaa wao Brian May alikuwa anapanga gitaa juu ya gitaa mpaka inasikika kama okestra nzima, watu wanadhani ni mashine, wao wakaona bora waandike mjue ni mikono. Na lile gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake nyumbani, shingo yake wakaichonga kwenye ubao wa zamani wa jiko la kuotea moto. Ukitengeneza kitu kwa shida hivyo unataka watu wajue.

Mwaka 1980 kwenye The Game sinthesaiza ikaingia, na kwenye albamu hiyo hiyo mpiga besi John Deacon akaleta Another One Bites the Dust ambao ukashika namba moja Marekani, besi kavu ya kuchezea disko. Hapo mashabiki bado walivumilia. Kilichowashinda ni Hot Space ya 1982, nusu yake ni disko tupu, gitaa la May unalitafuta kwa tochi, na watu wa roki walinuna kweli kweli. Mi naona Hot Space haikuiva, isipokuwa Under Pressure waliyoimba na David Bowie ambayo ingesimama popote. Ila miaka mitatu baadae, tarehe 13 Julai 1985, walipanda jukwaa la Live Aid pale Wembley, na uwanja mzima ulikuwa unapiga makofi na mwimbaji wao Freddie Mercury, kijana aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 akaitwa Farrokh Bulsara. Waliozira walirudi na wasiozira walikuwepo.

Na kama mnataka ubishi wa soda nyingine, ulizaneni ni nani alipigiwa kelele ya "Yuda!" ukumbini Manchester mwaka 1966 kwa sababu kaacha gitaa kavu kashika la umeme. Ni Bob Dylan. Waliolipa tiketi zao ndo walimwita msaliti, na alichofanya ni kuchomeka waya.

SWALI

Habari za kazi kaka. Mi ni mdada, napiga besi kwenye bendi yetu ndogo ya watu wanne hapa Arusha. Ijumaa na Jumamosi tunapiga kwenye baa moja maeneo ya Njiro, tunapiga kopi za roki, wateja wamezoea, wanajua saa ngapi tunapiga wimbo gani. Sasa tumetunga nyimbo zetu sita, za Kiswahili, gitaa tumelilegeza, kuna ngoma ya mkono ndani yake, tulijaribu mbili wiki iliyopita meza za mbele wakanyamaza na mzee mmoja ambae ni mteja wa kila wiki akaita bili. Meneja kasema turudi kwenye kopi. Wenzangu wawili wanataka kurudi, mimi na mpiga drams hatutaki. Tufanyeje?

Mpiga besi, Arusha

JIBU

Dada yangu pole, na hongera, nyimbo sita si mchezo.

Kwanza ujue mnafanya jambo la zamani hapa hapa mjini. Wale ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga kwenye Jamhuri Jazz wakaja Arusha wakawa na Arusha Jazz, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Kenya na ndo ikazaliwa Simba Wanyika, na mwaka 1978 wengine wakachomoka humo ikawa Les Wanyika. Bendi za dansi za Tanzania zilikuwa zinabadili mtindo na kuupa jina kabisa, mtindo ulikuwa na jina lake kama mtoto, Msondo, Sikinde, na shabiki alijua anakwenda kusikia nini. Mwaka huo huo 1978 ilipoanzishwa Mlimani Park, wenye Sikinde yao, kina mwimbaji Muhidin Gurumo walitoka bendi ya Msondo wakaenda huko, na kuna watu wazima mpaka leo hawajamaliza kuubishia huo uhamisho. Kwa iyo kununa kwa yule mzee wa meza ya mbele kuna ukoo mrefu.

Tofauti ni kwamba hao waliwaambia watu. Nyinyi mlipiga nyimbo mbili ngeni katikati ya kopi bila neno lolote, mteja akadhani mmekosea. Ipeni jina ladha yenu mpya, hata jina la utani, mseme kwenye maiki kabla ya kupiga, kwa Kiswahili, kifupi, huu ni wetu tumeutunga Njiro hapa hapa. Watu wetu wakiambiwa kitu ni chao wanakaa.

Pili msipige sita. Pigeni mmoja, mmoja tu, mwezi mzima, ule ule. Wimbo mgeni mara ya kwanza ni mgeni kweli, mara ya nne mhudumu anaimba kiitikio akiwa na trei mkononi, na mhudumu akishaimba meneja hana la kusema. Msiuweke mwanzo watu bado wanaangalia menyu, wala mwisho watu wanatafuta bodaboda. Uwekeni kwenye saa tatu na nusu, nyama zimeshafika mezani, na uufuate papo hapo na ile kopi wanayoipenda kuliko zote, ili aliyenyanyuka kuita bili akae tena.

Wale wenzako wawili msiwashinde kwa kura, mtabaki wawili na amplifaya moja. Waulize wanaogopa nini. Kama ni hela ya wikiendi, ni hofu ya haki, kuna mtu ana kodi ya nyumba na mtoto shule, mkubaliane kopi zibaki kwa meneja na zenu mzitafutie siku nyingine, Jumapili mchana, mahali pengine, hata bila kiingilio. Kama ni kwamba hawazipendi nyimbo zenyewe, wasikilize kwa makini sana, pengine kuna mbili kati ya sita hazijaiva, na wao ndo mashabiki wenu wa kwanza.

Na yule mzee wa kila wiki, akija Ijumaa mfuate mezani kabla hamjaanza, umwamkie, umuulize hiyo siku alitaka kusikia wimbo gani. Mpigieni huo, halafu wenu ufuate.

Nitumie meseji unijulishe ni baa ipi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu nitapanda kifodi nije nikae karibu na spika, nataka kuisikia hiyo ngoma ya mkono inavyokaa na besi yako.